Kivinjari kimejibadilisha: nani ameshika ufunguo wa depo?



Kabla ya kuanza kununua kahawa ya msimu, koperative yenye kujiheshimu inapima kwanza balansi yake. Watu wanaweka juu yake kitu chenye uzito unaojulikana, mbele ya macho ya wote, na wanaangalia kama mshale unasimama mahali pake. Hakuna anayesema: "Balansi ilikuwa sawa mwaka jana, juu ya nini tunaipima tena?" Kila mtu anajua kwamba balansi inaweza kupotea bila kelele, na kwamba kilo mbili zinazopotea kwa kila mfuko ni mali ya watu.

Kuna chombo kingine kwenye biro ambacho karibu hakuna anayekipima. Ni kivinjari, maana yake ile programu munafungulia intaneti: Chrome, Firefox, Edge ao Opera. Mwaka 2021 Chrome ilianza kutoa toleo jipya karibu kila wiki nne, na Firefox nayo inatoa matoleo mapya mara kwa mara. Toleo hilo linaingia lenyewe. Kesho yake sekreteri anawasha ordinateri na anakuta vitufe vimehama, ukurasa wa kwanza si ule wa jana, mega zinaisha mbio, ao ile programu ndogo ya kuzuia matangazo haiko tena inafanya kazi. Anasema "mashini imeharibika", anabonyeza "OK" kwa kila kinachojitokeza, na kazi inaendelea.

Kubonyeza "OK" bila kusoma ndiko kunatuletea hatari. Toleo jipya lenyewe mara nyingi ni kitu kizuri. Lakini likishaingia, mipangilio inaweza kuwa imebadilika, na programu ndogo zilizobandikwa ndani ya kivinjari zinaweza kuomba ruhusa mpya. Robo saa ya kukagua inatosha. Habari hii inaeleza sababu, halafu inaonyesha namna ya kufanya, hatua kwa hatua.

Kilicho ndani ya kivinjari

Zamani mali ya koperative ilikuwa kwenye depo na ndani ya daftari la mtunza hazina. Leo sehemu kubwa inapita kwenye kivinjari. Barua pepe ya mnunuzi, yenye bei na nambari ya akaunti, iko mule. Orodha ya wanamemba na kilo za kila mmoja iko mule. Bei ya kahawa ya arabika ya soko la New York, ambayo ndiyo wanunuzi wanaanzia kuhesabu bei yetu, munaisoma mule. Ripoti za mradi zinapitia mule.

Na sasa kuna ramani za mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, yenye nambari 2023/1115, inataka kahawa na kakao zinazoingia Ulaya zitoke kwenye udongo ambao haukukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba linatakiwa kuwa na alama zake za GPS. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kuandikwa kwa nukta moja. Lile linalozidi hekta 4 linachorwa mzunguko wake wote. Siku ya kuanza kuitumia sheria hii imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja siku hiyo ili waombe alama za mashamba. Kwa wakulima wa kahawa na kakao wa Beni, Lubero, Rutshuru ao Masisi, maana yake ni hii: jina la mkulima na mahali kamili pa shamba lake vimeandikwa kwenye tovuti, na tovuti hiyo inafunguliwa kwa neno la siri. Katika jimbo lenye vita, lenye watu waliohama na mashamba yanayogombaniwa, orodha ya namna hiyo si karatasi ya kuacha mezani.

Kuna pia maneno ya pesa. Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, malipo mengi zaidi yamehamia kwenye simu, na mapatano yanafanywa kwa ujumbe na barua pepe. Mwizi wa leo hana haja ya kuvunja kufuli ya depo. Akisoma barua pepe zenu kwa wiki mbili, atajua mzigo unatoka lini, nani analipa, na wapi. Halafu ataandika barua moja tu kwa mnunuzi, kwa jina lenu: "Tumebadilisha akaunti, tafadhali lipeni kwa hii mpya." Mnunuzi analipa, nanyi munangoja. Siku mutakapoulizana, pesa ya msimu mzima imekwisha kwenda.

Kiendelezi ni mfanyakazi mwenye ufunguo

Kiendelezi ni programu ndogo inayobandikwa ndani ya kivinjari ili kuiongezea kazi. Kwenye skrini ya Kifaransa munasoma neno "Extensions". Kimoja kinazuia matangazo, kingine kinatafsiri maneno ya Kiingereza, kingine kinageuza PDF kuwa Word, kingine kinatunza maneno ya siri.

Ili kufanya kazi, kiendelezi kinaomba ruhusa. Ruhusa kubwa kuliko zote inaandikwa hivi: "Lire et modifier toutes vos données sur tous les sites Web." Maana yake ni kusoma na kubadilisha kila kitu munachokiona, kwenye kila tovuti munayofungua. Barua pepe imo. Orodha ya wanamemba imo. Nambari ya akaunti inayoonekana kwenye skrini imo pia, na kiendelezi kibaya kinaweza kuandika nyingine mahali pake.

Tena, mara nyingi hakihitaji kuiba neno la siri. Munapoingia kwenye tovuti, tovuti inawapa kitu kidogo kinachoitwa kuki. Ni kama jetoni ya hospitali: mukishaipata, hamuulizwi tena ninyi ni nani; munaionyesha tu na munapita. Kiendelezi chenye ruhusa za kutosha kinaweza kuchukua jetoni hiyo na kuituma mbali. Aliyeipokea anaingia kwenye akaunti yenu kana kwamba ni ninyi, hata kama neno la siri lina herufi ishirini.

Musifikiri kwamba viendelezi vibaya vinatoka tu kwa watu wasiojulikana. Kulikuwa na kiendelezi cha Chrome kilichoitwa The Great Suspender. Kilisaidia watu wenye ordinateri dhaifu, kwa kulaza kurasa zisizotumiwa, na kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza kwa mtu mwingine. Mwezi Februari 2021 Google ilikiondoa, ikisema kina programu mbaya ndani yake. Watumiaji hawakufanya lolote jipya. Walibaki na kiendelezi kilekile, jina lilelile, lakini ufunguo ulikuwa umebadilisha mkono.

Kesi nyingine ilitokea Noeli ya mwaka 2024. Kampuni ya Marekani inayoitwa Cyberhaven, ambayo kazi yake ni ulinzi wa data, ilikuwa na kiendelezi chenye watumiaji karibu 400,000. Tarehe 24 Desemba mfanyakazi wake alidanganywa kwa barua pepe ya uongo, na wezi wakapata njia ya kuchapisha toleo lao baya. Kwa sababu viendelezi pia vinajisasisha vyenyewe, toleo hilo liliingia kwenye mashini za watu siku ya Noeli bila kubisha hodi. Baadaye ilionekana kwamba viendelezi vingine vingi viliingiliwa kwa namna hiyohiyo. Ikiwa kampuni ya ulinzi inaweza kuingiliwa, koperative haiwezi kusema: "Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?" Kiendelezi kibaya hakichagui. Kinachukua kwa kila aliyekiweka.

Kwa nini kiendelezi kinazimika bila kuulizwa

Kuna sababu tatu ambazo zinaweza kuzima kiendelezi baada ya toleo jipya, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza: kiendelezi kimeomba ruhusa mpya. Ikiwa toleo lake jipya linataka ruhusa kubwa kuliko ya zamani, Chrome inakizima mpaka ninyi mukubali. Hapo ndipo watu wanabonyeza "OK" haraka. Simameni kwanza. Kama kiendelezi cha kutafsiri kilikuwa kinafanya kazi vizuri bila ruhusa hiyo, kwa nini kinaihitaji leo?

Ya pili: kivinjari kimebadilisha sheria zake. Hilo ndilo limewagusa watu wengi. Kuanzia mwaka 2024 Google ilianza kuondoa viendelezi vilivyojengwa kwa sheria za zamani, na katikati ya mwaka 2025 Chrome ilimaliza kazi hiyo. Sheria mpya zinakataza kiendelezi kusimamisha chenyewe kila ombi linalotoka kwenye kivinjari. Google inasema ni kwa ajili ya usalama. Wengine wanajibu kwamba zinapunguza nguvu ya vizuia matangazo, na kwamba Google yenyewe inaishi kwa matangazo. Kila upande una neno lake, lakini matokeo munayaona kwenye forfe yenu: kizuia matangazo kinachoitwa uBlock Origin kilizimwa kwenye Chrome, na matangazo yenye picha na video yakarudi kula mega. Dawa ziko mbili. Munaweza kuweka uBlock Origin Lite, ambayo imetengenezwa na mtu yuleyule kwa kufuata sheria mpya. Ao munaweza kutumia Firefox, ambayo imeendelea kukubali ile ya zamani. Chungeni jina: programu maarufu zinaigwa, na ile ya kuigwa inaweza kuwa mtego.

Ya tatu: kivinjari chenyewe ni cha zamani mno. Tarehe 14 Machi 2025 cheti kimoja cha ndani ya Firefox kilifikia mwisho wake. Waliokuwa na toleo la chini ya 128 walionywa kwamba viendelezi vyao vinaweza kuzimika, isipokuwa wale wenye toleo maalumu 115 lililosasishwa vizuri.

Kukataa toleo jipya si dawa

Baada ya kusikia hayo yote, mtu anaweza kusema: "Basi tufunge huo mlango, toleo jipya lisiingie." Hapana. Matoleo mapya yanaziba matundu ambayo wezi wanayajua. Mwezi Machi 2025, wataalamu wa Kaspersky walikuta tundu kwenye Chrome ya Windows ambalo lilikuwa linatumiwa tayari: kufungua kiungo kilichoandikwa ndani ya barua pepe kulitosha ili mashini iingiliwe. Google ililiziba kwa toleo jipya. Waliokubali toleo walipona, waliokataa walibaki na mlango wazi.

Hapa kwetu kuna shida nyingine. Ordinateri nyingi za makoperative ni za kupewa, na zimezeeka. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8.1 mwanzoni mwa mwaka 2023. Toleo la mwisho kwa mashini hizo ni la 109. Firefox iliziachia mashini hizo toleo maalumu 115 kwa muda zaidi. Windows 10 nayo, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashini yenu iko katika hali hiyo, iandikeni kwenye mpango wa matumizi wa mwaka ujao, kama munavyoandika pampu ao turubai za kukaushia kahawa. Kwa sasa musiitumie kwa barua za mnunuzi wala kwa orodha ya mashamba.

Robo saa ya kukagua

Fanyeni kazi hii mara moja kwa mwezi, na kila mara kivinjari kinapoonekana kimebadilika. Wawe watu wawili: sekreteri na mtu mmoja wa komite. Mmoja anabonyeza, mwingine anaandika kwenye daftari. Maneno ya Kifaransa hapa chini ni yale munayoyaona kwenye Chrome. Kwenye Firefox na Edge yanafanana.

1. Hakikisheni kwamba toleo ni la kweli. Bonyezeni vinukta vitatu juu upande wa kuume, halafu "Aide", halafu "À propos de Google Chrome". Hapo munaona nambari ya toleo, na kama kuna jipya linaanza kuingia. Hiyo ndiyo njia. Ukurasa unaojitokeza katikati ya kusoma na kusema "Chrome yako imezeeka, pakua hapa" ni wa wezi. Toleo la kweli haliji kama faili kutoka tovuti ya habari ao ya muziki.

2. Hesabuni viendelezi. Vinukta vitatu, "Extensions", halafu "Gérer les extensions". Kwa kila kimoja ulizeni maswali matatu: nani alikiweka? kinatumika kwa kazi gani ya koperative? mara ya mwisho tulikitumia lini? Kisichokuwa na jibu, bonyezeni "Supprimer". Kukizima tu hakutoshi, sababu mtu mwingine anaweza kukiwasha kesho. Koperative nyingi zinahitaji kimoja ao viwili, si kumi.

3. Punguzeni ruhusa. Kwa vile munavyobakisha, bonyezeni "Détails" na mutafute mahali panaposema kiendelezi kinaweza kuingia kwenye tovuti gani. Kama ni cha kutafsiri ao cha PDF, chagueni kifanye kazi pale tu munapokibonyeza, si kwenye tovuti zote. Mpagazi anaingia depo siku ya kupakia mzigo. Halali mule na ufunguo mfukoni.

4. Angalieni ukurasa wa kwanza na injini ya kutafuta. Nendeni "Paramètres", halafu "Au démarrage" na "Moteur de recherche". Kama munakuta jina ambalo hakuna kati yenu analijua, rudieni hatua ya 2: mara nyingi kuna kiendelezi kilicholibadilisha.

5. Fungeni arifa. "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", "Paramètres des sites", "Notifications". Zile tovuti zinazotuma ujumbe pembeni ya skrini ("Umeshinda!", "Mashini yako ina virusi!") ziko kwenye orodha hiyo, sababu siku moja mtu alibonyeza "Autoriser". Ziondoeni zote isipokuwa ile ya kazi.

6. Okoeni mega. Kwenye "Performances" kuna mpangilio wa kupakia kurasa kabla hamjazifungua. Uzimeni. Kwenye "Système" kuna mpangilio unaoruhusu Chrome iendelee kufanya kazi hata ikishafungwa. Uzimeni pia. Na kama ordinateri inapata intaneti kutoka kwenye simu, nendeni kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows na muweke "Connexion limitée". Hapo Windows inapunguza kupakua vitu vikubwa bila kuwauliza.

7. Angalieni ni akaunti gani imeingia. Hili linasahauliwa sana. Kama sekreteri ameingia kwenye Chrome ya biro kwa akaunti yake mwenyewe, na "Synchronisation" imewashwa, viendelezi na maneno ya siri vinatembea kati ya mashini ya biro na ile ya nyumbani. Mtoto akiweka mchezo nyumbani leo, kiendelezi chake kinaweza kuonekana kwenye biro kesho. Tena, siku sekreteri atakapoacha kazi, ataondoka na maneno ya siri ya koperative bila hata kutaka. Koperative iwe na akaunti yake.

8. Pimeni kwa kitu munachokijua. Kama vile kwenye balansi. Fungueni barua pepe, fungueni tovuti ya mnunuzi, tafuteni mwanamemba mmoja ambaye kilo zake munazijua, chapeni borodero moja. Nambari ya akaunti ya koperative inayoonekana kwenye skrini, ilinganisheni na ile iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari la mtunza hazina. Vikilingana, andikeni tarehe, nambari ya toleo, idadi ya viendelezi vilivyobaki, na mutie sahihi wote wawili.

Mukikuta kiendelezi chenye mashaka, kiondoeni kwanza, halafu badilisheni neno la siri la barua pepe kutoka kwenye mashini nyingine iliyo salama, na muchague kutoka kwenye vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Hapo zile jetoni za zamani zinakufa. Halafu mupigieni mnunuzi simu, kwa nambari munayoijua zamani, na mumwambie asikubali mabadiliko yoyote ya akaunti bila kusikia sauti yenu.

Na kwenye simu?

Wanamemba wengi hawana ordinateri. Wanafungulia intaneti kwenye simu. Habari njema ni kwamba Chrome ya Android haipokei viendelezi, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo. Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 mlango umefunguliwa kwa vingi zaidi. Aliye na Firefox kwenye simu afuate hatua ya 2 na ya 3.

Lakini mipangilio inabadilika hata kwenye simu. Wengine wanakumbuka zamani Chrome ya Android ilikuwa na namna ya kupunguza mega, iliyoitwa "Mode simplifié". Mwezi Machi 2022, toleo la 100 lilipotoka, Google iliizima kabisa. Waliokuwa wanaitegemea waliona forfe inaisha mapema bila kujua sababu. Leo munaweza kufanya mambo mawili. Kwenye Play Store, wekeni programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu, halafu mukifika penye Wi-Fi muzisasishe. Kwa kusoma habari na bei za soko, Opera Mini inabana kurasa na kuokoa mega nyingi. Lakini ikiwa kwenye kiwango chake cha juu cha kubana, kurasa zinapitia kwanza kwenye mashini za Opera. Kwa hiyo isomeeni habari, musiingizie maneno ya siri ya koperative.

Kazi hii ni ya nani?

Katika koperative nyingi jibu ni moja: "Ni ya yule kijana anayejua mashini." Tunamshukuru kijana huyo, lakini jibu hilo halitoshi. Funguo za depo hazikai kwa mtu mmoja kwa sababu tu anajua kufungua kufuli. Komite inajua zilipo, inajua zimetengenezwa ngapi, na mtu akiondoka anazirudisha mbele ya mashahidi. Mipangilio ya kivinjari na viendelezi ni funguo za namna hiyohiyo. Komite haihitaji kujua kila kitufe. Inahitaji kuuliza maswali, kuangalia daftari, na kukataa jibu la "usijali, iko sawa tu".

Mwanamemba wa kawaida naye ana haki ya kuuliza. Ni jina lake, ni shamba lake, ni kilo zake. Mwenye kuuliza hamchokozi sekreteri; anamlinda, sababu siku pesa ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni yeye aliyekuwa kwenye mashini. Daftari lenye sahihi mbili kila mwezi litamtetea.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

- Kwenye ordinateri ya koperative yetu kuna viendelezi vingapi, na nani alivikubali?
- Neno la siri la barua pepe ya koperative linajulikana na watu wangapi? Nambari ya simu ya kulirudisha likipotea ni ya nani?
- Sekreteri akihama kesho, tutaweza kuingia kwenye orodha ya mashamba?
- Tumekubaliana na mnunuzi wetu kwamba akaunti haibadilishwi kwa barua pepe peke yake?
- Nani kati yetu atakaa na sekreteri kwa robo saa mwezi huu, na daftari liko wapi?